Sikio la Upande wa Dirisha

Mume wangu ni fundi wa kushona kwa sababu tulisema uongo. Siku tulipofika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tulipangwa mstari mbele ya meza, na mwenye kalamu akauliza: kazi? Kule nyumbani, upande wa Fizi, mume wangu alikuwa ametumika jeshini miaka tisa, jeshi la serikali ya zamani, kwenye mortie, ule mzinga mfupi unaodondoshewa bomu mdomoni. Lakini njiani watu walituambia kwamba aliyeshika bunduki, dosie yake, yaani faili lake, inalala chini ya dosie za wengine. Kama ni kweli au si kweli, mpaka leo sijui. Mimi ndiye niliyejibu, yeye alikuwa bado anameza mate. Nikasema, "Fundi cherehani." Mwenye kalamu akaandika. Basi ikabidi ajifunze kushona.

Alifundishwa na mjane mmoja wa Bukavu, jirani yetu, mwanamke wa Kifaransa kizuri na ulimi mkali. Alikuwa akimtazama anavyohangaika kutia uzi kwa vidole vile vinene, anamwambia, "Papa, sindano haiko adui. Ishike pole." Mwaka haukuisha, ikatoka suruali yenye miguu miwili iliyo sawa. Baadaye kwaya nzima ya kanisa letu ilivaa kazi ya mikono yake. Uongo ukageuka kweli, na mimi nikaacha kuutubu.

Majina ya watu hawa wote ninayo: la mjane, la mwenye kalamu, la aliyekuwa mbele yetu kwenye mstari na la aliyekuwa nyuma. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na mengi ya shuleni yamenitoka, ila jina la mtu likishaingia halitoki. Hapa siandiki hata moja. Sisi tuliokaa kambini majina yetu yameandikwa na watu wengi vya kutosha.

Masikio ya mume wangu yalififia polepole, na cherehani ikatuficha. Mtu akimwita asijibu, tulisema ni kelele ya mashine. Hata mimi, katika miaka ya kwanza, niliamini ni mashine. Tukitembea alitaka siku zote niwe mkono wake wa kulia, akasema hiyo ndiyo heshima ya mume kwa mke, nami nikajivuna mbele ya wanawake wenzangu. Kisha akawa hasikii hata mashine ikiwa imenyamaza. Akajitafutia jibu moja la kumjibu kila mtu: "Mungu ni mwema." Kanisani jibu hilo halikumwangusha hata mara moja. Lakini jirani alikuja asubuhi moja kumweleza kwamba kuku wake wawili wameibwa, naye akamshika mkono kwa furaha, akamwambia, "Mungu ni mwema, mama." Nilitumia siku tatu kuurudisha ujirani ule.

Kitu kingine alichopoteza ni kunong'ona. Mtu asiyejisikia hajui sauti yake inafika wapi. Neno la siri la mume na mke lilisikika mpaka bombani, na wanaochota maji walikohoa kwa adabu. Kwa hiyo mambo ya ndani tuliyaandika kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia nguo. Anaandika, ninasoma, ninafuta kwa kiganja, ninaandika mimi. Darasa la nne nimelisomea juu ya meza ile.

Sasa niseme habari ya binti yetu, kwa kuwa yote yanatoka huko.

Tulimzaa mmoja tu aliyeishi. Alipoolewa hapa kambini alitolewa kwenye dosie yetu, akaandikwa kwenye dosie ya mumewe. Ndivyo inavyofanyika. Dosie ile ikatembea, yetu ikabaki. Wakapata safari ya kwenda nchi ya baridi, wao na mtoto wao. Juma lile la mwisho baba yake alikuwa na uchungu, akamwambia maneno: "Umejitoa kwa karatasi yetu. Sasa unajitoa kwa macho yetu." Binti akalia, akatoka. Siku ya basi la kuwachukua, nusu ya kanisa walikuja kuaga.

Kwetu baraka ya mzazi haipelekwi kwa mdomo peke yake. Mtoto anayesafiri anainamisha kichwa, baba anaweka mkono juu yake, anasema maneno, ndipo njia inafunguka. Binti yetu alikuwa amekwisha kaa ndani ya basi. Akafungua dirisha, akatoa kichwa nje, kitambaa chake cha kijani kikaonekana na wote. Akasema, "Papa, nibariki." Akasema mara mbili. Baba yake alikuwa amesimama pale pale, dirisha liko karibu na bega lake, anazungumza na mchungaji. Hakugeuka. Binti akabaki na kichwa chake nje mpaka dereva alipowasha injini. Ndipo mume wangu akageuka, akapunga mkono, lakini kichwa kilikuwa kimerudi ndani.

Siku zile alikuwa bado anasikia mazungumzo, nami nilimwona amekataa. Watu wote walimwona amekataa. Sikumuuliza. Nilijiambia, akiwa tayari atasema.

Tangu hapo kila Jumapili tukitoka kanisani simu inalia. Binti ananisalimia, anauliza afya, anauliza mahindi, mwishoni anauliza, "Na Papa?" Ninamnyoshea mume wangu simu, anatikisa kichwa, anaonyesha kitambaa anachokata. Habari ya masikio amenikataza kumwambia mtoto, basi ninasema, "Anakusalimu." Naye anasema, "Haya." Haya ile ninaijua uzito wake.

Mwaka huu likatoka tangazo kanisani na kwa kipaza sauti cha mtaani: wazee wasiosikia vizuri waje kliniki, watapimwa na mtaalamu wa masikio aliye Lilongwe, bila kwenda Lilongwe. Watu walicheka. Mjane wa Bukavu akasema, "Wakishapima masikio kwa simu, watatukata nywele kwa redio."

Mimi sikucheka. Nilifikiri: akisikia, atashika simu. Nikamwandikia: TWENDE. Akaandika: WATAULIZA NINI ILIUA MASIKIO.

Hilo sikuwa nimeliona. Nikakaa. Sisi tumepita mbele ya meza nyingi, kila meza ina maswali, na kila swali lina jibu moja linalokusogeza mbele na mengine yanayokurudisha nyuma. Kambini mtu akiitwa kuulizwa, jirani hamuulizi kama alisema kweli. Anamuuliza kama ameshinda. Mimi niliyekuwa nataka masikio yapone, hofu ya ile mortie kujulikana ikanishika, nikasahau kilichonipeleka. Nikaandika: TUTASHINDA.

Kliniki tulimkuta msichana anayesimamia kipimo, mtoto wa watu wa Bukavu aliyezaliwa hapa hapa, amefundishwa kazi hiyo. Anaongea Kiswahili chetu, Kichewa na Kiingereza. Alituita koko, kama vijana wetu wanavyowaita wazee. Mezani kulikuwa na kioo cha kugusa, na ndani yake paji la uso la mama mmoja wa Kimalawi na miwani yake. Sehemu nyingine ya uso haikuingia. Huyo ndiye mtaalamu. Kwa muda mrefu tulimfahamu kwa paji lake tu.

Msichana akamvalisha mume wangu ekuteri kubwa za masikioni, akamwandikia kwenye karatasi: utasikia sauti ndogo sana, ti, ti, kila ukiisikia, bonyeza hiki. Akampa kidude chenye kitufe. Mimi nikaomba nikae naye. Nikajiweka nyuma ya bega la msichana, na nikaona jambo: kila sauti inapotumwa kutoka Lilongwe, kidoa cha kijani kinawaka pembeni ya kioo.

Nikatoa ndala. Kidoa kikiwaka, ninakanyaga mguu wa mume wangu. Anabonyeza. Kikiwaka tena, ninakanyaga. Tulifanya kazi ile nusu saa, kwa utulivu, kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Kipimo kikaisha. Paji la uso likasogea karibu na kioo. Kisha mtaalamu akaongea na msichana kwa Kiingereza. Msichana akageuka, midomo ameibana.

"Koko, daktari anasema muzee iko na masikio ya mutoto wa miaka kumi. Anasema hajaona vile tangu aanze kazi."

"Mungu ni mwema," akasema mume wangu, kwa kuwa aliona watu wanamtazama.

"Anasema tena," msichana akaongeza, "hongera kwa mama."

Tulirudi nyumbani tumeshinda. Aliimba njia nzima, huku akikosea sauti. Mimi nilikuwa nyuma nikitazama kisogo chake, na furaha ikaanza kunitoka taratibu kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tumeshinda nini? Ameingia hasikii, ametoka hasikii, tena sasa iko karatasi inayosema anasikia.

Jumapili ikafika. Binti akauliza afya, akauliza mahindi. Alipofika pale pa mwisho hakumuulizia baba yake. Halafu akasema, "Mama, kuanzia Jumapili ijayo sitamuulizia tena Papa. Usikasirike. Nimechoka kuomba baraka sawa vile mutu anaomba chumvi kwa jirani. Wewe nitakupigia. Yeye, basi."

Mume wangu alikuwa anakata kola, kichwa chini. Nilimtazama yule mtu asiyejua kwamba muda ule ule alikuwa anapoteza mtoto.

Jumatatu nilikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Nikamwambia msichana, "Mwanangu, nilikudanganya. Ule mguu."

"Nilijua, koko. Ulikuwa unapiga mguu sawa vile mwenye ngoma."

"Juu ya nini haukusema?"

"Daktari mwenyewe njo alisema tungoje. Alisema atarudi tu, mumoja wao. Anasema hata bazee bake ba kwanza balimudanganya. Mumoja alisema anasikia kila kitu, wakamuuliza jina lake, akajibu kwamba mvua ilinyesha vizuri."

"Bazee gani?"

"Basoda. Bale askari ba Malawi baliostaafu. Alianza na hao, koko. Bunduki inaharibu masikio, wengi wao wako hivyo, na wako mbali, Mitundu, Nathenje, wengine mbali zaidi. Zamani mutu anapewa mashine ya sikio, ikimusumbua anaiweka kwa sanduku, kwa sababu safari ya Lilongwe ni ndefu. Sasa anapigiwa simu, daktari anaitengeneza akiwa kule kule Lilongwe. Walikuwa wachache, sasa ni wengi, mpaka wakasema tufungue na huku Dzaleka."

Aliposema basoda mikono yangu ilishika kanga. Msichana aliona au hakuona, sijui. Nikauliza tu kama karatasi ya masikio inakwenda ofisi nyingine. Akasema haiendi, inakaa kwa daktari. Wote wenye karatasi husema hivyo.

Nyumbani nikaandika juu ya meza nilichofanya. Mume wangu akasoma, akaiweka chaki kwenye kopo lake, akafunika kopo. Siku mbili chaki haikugusa meza. Siku ya tatu nikalifungua kopo mwenyewe, nikaandika: BINTI HATAKUULIZIA TENA. Alisoma mara nyingi kuliko maneno yenyewe yalivyo. Kisha akaenda kuchukua koti lake la kanisani.

Safari hii msichana aliniweka nje, kwenye ubao wa kukalia, na mlango akaufunga. Nilibaki na miguu yangu isiyo na kazi. Waliponiita, kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja mwekundu wa sikio la kulia, mmoja wa buluu wa sikio la kushoto. Mwekundu uliteremka kama mtu anayeshuka kilima. Wa buluu ulianzia bondeni na kubaki bondeni.

Mtaalamu akauliza, kwa kinywa cha msichana na kwa karatasi: muzee, umefanya kazi gani maisha yako?

"Cherehani," akajibu mume wangu, mpaka waliokuwa foleni wakasikia.

Msichana akatafsiri: cherehani haifanyi hivi. Lakini sawa. Anasema mje Lilongwe, kuna kitu kimoja simu haiwezi, kuchukua kipimo cha tundu la sikio kwa mkono.

Kutoka kambini kunataka kibali. Kikapatikana, na gari la kliniki likatubeba mimi, mume wangu na msichana. Tukapita mtaa wa Kawale, watu wamejaa barabarani na biashara zao, mume wangu akiwatazama kama mtu anayetazama picha. Kliniki ya masikio ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ubao mrefu barazani, na juu ya ubao wazee wanne wa Kimalawi, migongo imenyooka. Hakuna aliyekaa amejikunja. Nilijua ni akina nani kabla sijaambiwa.

Mume wangu alikaa mwisho wa ubao, na bila kujua, mgongo wake ukanyooka pia.

Mzee aliyekuwa karibu naye ametoka Mitundu, pamoja na mkamwana wake. Alikuwa na mashine nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya mbegu ya boga. Mkamwana alitueleza kwa Kichewa, msichana akatugeuzia: mzee huyu hutengenezewa mashine yake kwa simu, amekaa shambani kwake, leo amekuja kwa sababu kile kipande cha kuingia sikioni kimepasuka. Yule mzee akamtazama mume wangu toka kichwa mpaka viatu. Akasema, "Bambo, msilikali?"

Kichewa changu ni cha sokoni, lakini neno lile la askari halihitaji mkalimani. Mume wangu hakulisikia. Akajibu, "Mungu ni mwema."

Mzee wa Mitundu akacheka. Akagusa sikio lake la kushoto, akalipigia kofi la kulikataa. Akanyosha mikono mbele kama ameshika bunduki, kitako begani upande wa kulia, akaonyesha mlio unavyorukia upande wa pili. Akamwuliza kwa nyusi: na wewe?

Niliona mume wangu anatazama mlango, anatazama lango, anatazama msichana. Nikaweka macho yangu chini. Sikutaka nimkanyage mguu, wala kumzuia wala kumsukuma.

Alipoinua mikono, aliinua yote miwili, taratibu, kama ameshika kitu kizito chenye mapezi. Akakiachia hewani kwa umakini. Akageuza kichwa haraka, akainama, akaziba masikio kwa viganja. Kisha akagusa sikio lake la kushoto: huku. Huku nilichelewa kuziba.

"Eee," akasema mzee wa Mitundu, kwa heshima, na akasogea kumpa nafasi zaidi. Wakaanza kudondoshea mabomu hewani wote wawili, wakiinama pamoja, wakicheka vicheko vikubwa vya watu wasiojisikia. Mkamwana akafunika mdomo. Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni, mzima, mwili mzima chini ya lile paji. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vya raba. Aliona yote.

Ndani hakuuliza kwa ukali. Aliandika mwenyewe kwenye karatasi, msichana akageuza kwa Kiswahili chini yake: niandike kazi gani? Mume wangu alipewa kalamu, akairudisha mezani. Miaka yote ile tangu mezani pa kwanza jibu lilikuwa langu. Akaniangalia, nikaangalia dirisha. Akasema kwa sauti yake ile isiyojua siri, "Mortie. Miaka tisa. Halafu cherehani. Andika yote mawili."

Mtaalamu akaandika. Halafu akatuonyesha tena ile mistari. Sikio la kulia, akasema, ni la uzee, hilo tutalisaidia. La kushoto simdanganyi mtu, hilo lilikufa zamani, lilikufa ujanani. Mtu huyu hajasikia kitu upande wa kushoto tangu kabla hajafika nchi hii.

Alikuwa akimwekea sikioni ule uji wa waridi wa kuchukua kipimo, mlaini kama nsima ya mtoto, ule ugali wa hapa, nami sikuwa pale tena. Nilikuwa kwenye basi. Nilianza kupita majina, kiti kwa kiti, kama ninavyopita shanga. Mbele, upande wa dereva, wale ndugu wawili wa Uvira. Nyuma yao mama mwenye mapacha. Dirisha la tatu, binti yangu. Chini ya dirisha la tatu, mume wangu. Na mchungaji? Mchungaji alikuwa na mguu mbovu, ameegemea nguzo ya lango, na nguzo iko upande wa nyuma ya basi. Mume wangu alikuwa amegeuka kumsikiliza, amempa sikio la kulia. Dirishani alikuwa amebakiza la kushoto.

Nikahesabu tena majina, nikitafuta mahali ambapo ningekosea. Sikukosea. Mtoto alikiomba baraka kitu kilichokufa, na mimi niliyesimama hatua tatu kutoka pale, niliyetembea mkono wa kulia maisha yangu yote nikijivuna, sikunyosha hata kidole kumgusa bega mume wangu.

Tulirudi jioni. Kabla sijavua viatu nikafungua kopo la chaki. Niliandika polepole, sikutaka herufi zipotee: SIKU YA BASI ALITOA KICHWA DIRISHANI. ALIOMBA MKONO WAKO. MARA MBILI.

Akasoma. Akauliza, na bomba zima lilisikia, "Upande gani?"

Nikamgusa sikio la kushoto.

Alikaa kwenye kiti cha mashine, mikono juu ya meza, na chaki ikamshika viganjani. "Na wewe ulifikiri nimekataa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa na uongo wa kumsaidia hapo. Akafuta maandishi yale, akafuta tena mahali palipokuwa safi tayari. "Usimwambie," akasema. "Mi mwenyewe njo nitasema."

Jumapili zilizofuata binti alifanya kama alivyosema. Afya, mahindi, kwaheri. Mimi nilikaa na lile jambo mdomoni kama maji ya moto, lakini niliahidi.

Mashine ya sikio ikaja Dzaleka. Msichana alikuja nyumbani kumvalisha, simu yake imesimama juu ya meza ya kukatia, na ndani ya simu, paji la uso. Mtaalamu akaiwasha kutoka Lilongwe. Mume wangu aliruka kwenye kiti.

"Ni nini hiyo?"

"Mahindi, koko. Mama anakaanga mahindi."

"Mahindi yanapiga kelele vile?" Akageuka kila upande. Bati, kuku, mtoto wa jirani. Nilipita kuchukua chumvi, akanitazama. "Mama, tangu lini unaburuta ndala hivi?"

"Tangu unioe," nikasema, na alinisikia.

Haikwenda mara moja. Sauti zilikuwa kali, kama visu vinavyogongana, akataka kuivua. Lilongwe mtaalamu anapitisha kidole mahali tusipoona, anauliza: sasa? Bado. Sasa? Mtandao ukakatika, paji likaganda na jicho moja limefumba, tukangoja. Likarudi. Sasa? Mume wangu akakanyaga cherehani yake, akaisikiliza akiinamisha kichwa. "Mashine hii inalia," akasema kwa masikitiko. "Inalia mafuta. Na nyinyi wote mulikuwa munaisikia." Kila juma wakaongea, yeye na lile paji, na kila juma kidole kilipita. Akafundishwa kushika simu: si kwenye tundu, juu kidogo, nyuma ya sikio, pale mashine inapokaa. Msichana alisimama bombani akampigia ajifunze. Mara ya kwanza wakasalimiana. Mara ya tano wakabishana kuhusu bei ya nyanya, nikajua yuko tayari.

Jumapili ile hakuvua koti tuliporudi kanisani. Simu ikalia. Binti akaanza, "Mama, afya?"

Mume wangu akanyosha mkono. Nikampa. Akaitafutia mahali pake nyuma ya sikio la kulia.

"Ni mimi," akasema.

Nilikaribia mpaka nikamsikia binti anapumua.

"Ulikuwa kwa dirisha la upande wangu wa kushoto," akasema. "Upande ule hakuna kitu. Sikio lile lilikufa mbele ya kuzaliwa kwako. Mi nilikuwa soda jeshini, mwanangu, hatukukuambia. Kila mutu alikusikia, mi tu njo sikukusikia. Sema tena lile neno."

Alisubiri. Sijawahi kumwona akisubiri sauti, siku zote alikuwa anazikimbia. Kisha ikaja, ndogo, ya mwanamke mzima mwenye mtoto wake, kutoka nchi ile ya baridi: "Papa, nibariki."

"Nimesikia," akasema. "Inamisha kichwa."

"Nimeinamisha."

Akautazama mkono wake wa kushoto, uko huru, hauna pa kuwekwa. Baraka ya kwetu haiendi kwa mdomo peke yake. Akanitazama mimi, nami nikaelewa, nikapiga magoti kando ya cherehani, mahali pa binti yangu, nikainamisha kichwa changu cha bibi kizee. Akaweka mkono juu ya kitambaa changu, mkono ule mzito wa chaki na mafuta ya mashine, akasema maneno yote ya kufungua njia, hakuruka hata moja. Alipofika mahali pa jina, alilitaja kwa sauti ile ya zamani isiyojua kunong'ona, na bombani hakuna aliyekohoa.